Sungura wa Vienna hutoka kwa miezi mitatu

Sungura huyu ana zaidi ya miaka mia tano. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alimchora mwaka 1502 kwa rangi ya maji, kwenye karatasi yenye urefu wa sentimita 25 na upana usiofika 23, karibu sawa na ukurasa wa daftari kubwa la shule. Ukisogea unaona manyoya yamechorwa unywele kwa unywele, mengine yamelala, mengine yamesimama pale ubavu unapojikunja. Sharubu ni nyembamba kama uzi wa buibui. Na ndani ya jicho kuna kidirisha kidogo cheupe: mwanga wa chumba umenaswa humo, haujatoka hadi leo.

Makao yake ni Albertina, jumba la makumbusho lililo katikati ya Vienna, mji mkuu wa Austria, lenye hazina ya michoro na machapisho ipatayo milioni moja. Lakini ukifika Vienna siku yoyote tu ukaenda kumtafuta, aghalabu utakuta nakala. Yeye mwenyewe yuko kabatini, gizani, katika chumba ambacho unyevu wa hewa hauruhusiwi kufika asilimia 50. Kanuni yake ni kwamba akishaonyeshwa kwa miezi mitatu hivi, hurudi gizani kwa miaka kama mitano. Tarehe 20 Septemba 2019 alitolewa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Dürer, pamoja na michoro mingine zaidi ya mia moja, na Januari 6, 2020 maonyesho yakafungwa.

Angalia tarehe hizo vizuri, Septemba hadi Januari. Mwaka mmoja kabla, upande wa pili wa bustani za kifalme, Kunsthistorisches Museum, yaani makumbusho ya historia ya sanaa, ilikuwa imefungua maonyesho ya mchoraji Pieter Bruegel tarehe 2 Oktoba 2018 na kuyafunga Januari 13, 2019. Ukifuatilia ratiba za Vienna mwaka baada ya mwaka utakuta mtindo ni huohuo: maonyesho mazito hufunguliwa baina ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, hudumu miezi mitatu na kitu, kisha hufungwa mara tu sikukuu zikipita. Wageni wengi huuliza kwa nini vitu vyote vizuri vinabanwa katika kipindi kimoja, tena kipindi cha mvua na baridi, na kwa nini haviachwi ukutani mwaka mzima ili kila mtu aone kwa nafasi yake. Jibu la haraka ni biashara. Biashara imo, lakini ukiishia hapo utakuwa umekosa sehemu kubwa ya jambo lenyewe.

Tuanze na majira. Kipindi ambacho sisi tunangoja mvua za vuli, Vienna iko katika mapukutiko. Miti ya mji inageuka manjano, saa za mchana zinafupika, na kwenye pembe za barabara wanatokea wauza njugu za msituni zilizochomwa, wanaziita maroni, wakizifunga kwenye karatasi kama vile kwetu zinavyofungwa karanga. Julai na Agosti wenyeji wengi wanakuwa safarini. Jumba la opera la taifa huwa limefunga, na mjini wanabaki zaidi watalii, ambao kwa kawaida wanataka kasri la Schönbrunn na hawahitaji kuvutwa na jambo jipya. Septemba wenyeji wanarudi, shule zinafunguliwa, opera na tamthilia zinaanza. Wao huita kipindi hicho mwanzo wa msimu, na mwaka wa utamaduni kwao unahesabiwa kuanzia hapo. Hata jengo la Kunsthistorisches lenyewe, lililoanza kujengwa mwaka 1871, lilifunguliwa na Kaisari Franz Joseph tarehe 17 Oktoba 1891.

Kisha kuna Krismasi na mwaka mpya, mji unapofurika tena. Maonyesho yakifunguliwa mapema Oktoba yanawapata wenyeji waliorudi, wanafunzi wanaoletwa na walimu, na wageni wa Desemba. Hapo ndipo hesabu ya fedha inapoingia. Makumbusho ya serikali ya Austria yalipewa mamlaka ya kujiendesha kuanzia mwaka 1999, ya kwanza ikiwa hiyohiyo Kunsthistorisches. Serikali hutoa ruzuku, kilichobaki jumba hujitafutia. Na tangu Januari 2010 kila mtu aliye chini ya miaka 19 huingia bure katika makumbusho hayo, jambo ninaloliona kuwa moja ya maamuzi bora kabisa ambayo nchi hiyo imewahi kuyafanya kuhusu utamaduni wake. Lakini pengo la tiketi hizo lazima lizibwe na watu wazima, na watu wazima huja kwa wingi kunapokuwa na kitu ambacho mwezi ujao hakitakuwepo.

Hiyo ndiyo sehemu ya biashara. Sehemu ya pili inatokana na vitu vyenyewe, na ndiyo inayoamua kwa nini ni miezi mitatu na si minane.

Mwanga hula rangi. Anayejua kanga anajua jambo hili bila kufundishwa: ukiianika juani kila siku, inapauka, na ukija kuifungia sandukuni haitarudisha wekundu wake. Karatasi yenye rangi ya maji ni dhaifu kuliko kanga. Ndiyo maana vyumba vya michoro huwa na kiza kinachowaudhi wageni. Kiwango kinachokubalika kwa kazi za karatasi ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), mwanga hafifu unaokulazimu kusimama kidogo macho yazoee. Mara nyingi utasikia ikisemwa kwamba sungura wa Dürer anapumzishwa, na neno hilo hupotosha. Mtu aliyechoka akilala anaamka na nguvu mpya. Karatasi hailali hivyo. Kilichopauka kimepauka moja kwa moja, na giza la miaka mitano halitibu kitu. Giza hilo ni namna ya kugawa posho: kuna kiasi fulani cha mwanga ambacho mchoro huu unaweza kukivumilia katika maisha yake yote, na kila kizazi cha wahifadhi kinaamua kitumie kiasi gani na kiwaachie wajao kiasi gani. Mtu aliyemwona sungura mwaka 2019 alipewa sehemu ya posho ambayo wajukuu wa wajukuu wake nao wanaidai.

Mbao nazo zina tabia yake. Bruegel alichora sehemu kubwa ya kazi zake juu ya mbao za mwaloni, na mbao, hata iliyokatwa miaka 450 iliyopita, bado inavuta na kuachia unyevu. Hewa ikikauka inasinyaa, ikilowa inavimba, na tabaka la rangi juu yake halina unyumbufu wa kuifuata, hivyo linapasuka au kubanduka. Makumbusho makubwa ya dunia yamekubaliana kuweka hewa baina ya nyuzijoto 16 na 25 na unyevu baina ya asilimia 40 na 60, bila kuruka ghafla. Sasa fikiria mbao hiyo itolewe ukutani Madrid, ipite barabarani, iingie Vienna mwezi ambao mitambo ya kupasha joto inawashwa na kukausha hewa ya kila nyumba. Hakuna mwenye kitu atakayekubali hatari hiyo mara kwa mara, wala kwa muda mrefu.

Maonyesho ya Bruegel ya 2018 yanafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake kila ugumu ulijitokeza. Kazi za rangi za Bruegel zilizosalia duniani ni kama arobaini tu na kidogo. Vienna peke yake ina 12, kwa kuwa watawala wa ukoo wa Habsburg walizipenda na kuzikusanya mapema. Kuelekea mwaka 2019, ambao ungetimiza miaka 450 tangu afariki, wataalamu wa jumba walijiandaa kwa miaka kadhaa, wakipiga picha kila ubao kwa miale ya eksirei na ya infraredi ili kuona michoro ya chini iliyofunikwa na rangi. Walifanikiwa kukusanya karibu kazi thelathini, pamoja na michoro na machapisho mengi. Madrid ilileta picha ya jeshi la mifupa linalovamia walio hai, ikiwa imetoka kusafishwa. Rotterdam ilileta Mnara wa Babeli mdogo, ukatundikwa katika maonyesho yaleyale na ule mkubwa wa Vienna wa mwaka 1563.

Lakini kati ya kazi ambazo hazikuja, kuna moja ambayo kutokuja kwake kunaeleza zaidi kuliko zilizokuja. Mwaka 1565 Bruegel alichora mfululizo wa majira ya mwaka kwa ajili ya nyumba ya mfanyabiashara wa Antwerp. Inaaminika zilikuwa sita, moja imepotea. Vienna ina tatu: wawindaji katika theluji, siku ya kiza ya mwisho wa kipupwe, na ng'ombe wanaorudi kutoka malishoni, ambayo ndiyo picha ya mapukutiko. Ya kukata nyasi iko Prague kwa ukoo wa Lobkowicz, nayo ililetwa. Ya mavuno iko New York, ikabaki New York. Kwa hiyo katika zile tano zilizosalia, nne zilikutana kwa wiki zisizofika kumi na tano, kisha ya Prague ikarudi Prague.

Anayejua shughuli za kwetu ataelewa upesi jinsi mambo haya yanavyoendeshwa. Harusi ikikaribia, sufuria kubwa na majamvi huazimwa nyumba hii na ile. Anayeazima leo anajua kesho ataombwa yeye, na aliyewahi kurudisha sufuria imebonyea hupata tabu mwakani. Makumbusho yanaishi kwa mtindo huohuo. Barua ya ombi hutangulia kwa mwaka au zaidi. Mwenye kitu huuliza jumba lako lina walinzi wangapi, hewa yake ikoje, moto ukizuka mnafanya nini. Akikubali, mhifadhi wake anakagua kazi na kuandika kila mkwaruzo na kila ufa, kwa picha, ili itakaporudi ilinganishwe. Kasha hutengenezwa kwa kipimo cha kazi hiyo moja. Mara nyingi kuna mtu anayesafiri na kasha, analala lilipolala, na haruhusiwi kuliacha peke yake. Likifika huachwa limefungwa kwa karibu saa 24 ili lizoee hewa ya ndani kabla ya misumari kufunguliwa.

Bima ya safari hiyo huitwa bima ya msumari hadi msumari: inaanza pale kazi inapoondolewa kwenye msumari wa ukuta wa mwenyewe, na inakoma pale inaporudi kwenye msumari uleule. Kwa kazi za thamani ya Bruegel ada ya bima ya kawaida ingemaliza bajeti ya jumba zima. Ndiyo maana serikali huingilia. Austria hubeba dhamana kwa kazi zinazoazimwa na makumbusho yake ya taifa, na Uingereza ina mpango wa aina hiyo tangu mwaka 1980. Bila ahadi hizo za hazina, maonyesho tunayoyapigia foleni yangekuwa machache mno.

Kisha kuna sheria, na hapa Vienna ina kovu lake. Mchoraji Egon Schiele alimchora mwenziwe Wally mwaka 1912: uso mweupe, nywele za shaba, macho makubwa ya samawati. Picha hiyo ilikuwa mali ya Lea Bondi, mwanamke Myahudi aliyekuwa na duka la sanaa mjini humo. Mwaka 1939, Wanazi wakiwa wametawala, mfanyabiashara mmoja aliyeshirikiana nao aliichukua, na Bondi akakimbilia London. Baada ya vita picha ilifika kwa njia ya makosa katika jumba la Belvedere, na mwaka 1954 ikaingia katika mkusanyiko wa daktari Rudolf Leopold. Oktoba 1997 iliazimwa kwenda New York kwa maonyesho ya miezi mitatu, ya mapukutiko kama haya tunayoyazungumzia. Yalipofungwa mwanzoni mwa Januari 1998, ikiwa tayari kurudishwa, mwendesha mashtaka wa Manhattan aliizuia. Haikurudi Vienna hadi mwaka 2010, baada ya jumba la Leopold kukubali kuwalipa warithi wa Bondi dola milioni 19 na kuweka kando ya picha maelezo ya kweli ya nani alinyang'anywa.

Ucheleweshaji huo wa miaka kumi na miwili ulibadilisha mengi. Kabla mwaka 1998 haujaisha Austria ilikuwa imepitisha sheria ya kurudisha kazi za sanaa zilizoporwa, na kwa mkondo huo mwaka 2006 picha tano za mchoraji Gustav Klimt zilitoka Belvedere kwenda kwa Maria Altmann na warithi wenzake wa familia ya Kiyahudi iliyoporwa na Wanazi. Upande mwingine, mwaka 2003 nchi hiyo ilipitisha sheria inayokinga kazi za kuazimwa zisikamatwe zikiwa ndani ya mipaka yake. Sheria hizi mbili zinavutana, na ni haki kusema hivyo. Moja inamfungulia mlango aliyeporwa, nyingine inamhakikishia mwenye picha kwamba akiiazimisha haitazuiwa. Wakopeshaji wengi hawatatoa kitu bila kinga hiyo. Hata hivyo mimi nikisimama mbele ya Wally naona kwamba kama picha ile ingekuwa na kinga mwaka 1998, familia ya Bondi huenda ingekuwa inaomba hadi leo.

Kuna vitu ambavyo haviazimwi kabisa. Busu la Klimt halitoki Belvedere, anayelitaka aende. Na pale kwenye uwanja wa Heldenplatz, ndani ya Weltmuseum, makumbusho ya tamaduni za dunia yaliyofunguliwa upya tarehe 25 Oktoba 2017, kuna taji la manyoya ya ndege wa ketzali kutoka Meksiko ya kale. Meksiko imeliomba kwa miongo mingi. Wataalamu wa nchi zote mbili walilichunguza kwa pamoja kuanzia mwaka 2010, na hoja iliyotolewa ni kwamba mtetemo wa safari ya eropleni ungevunja nyuzi za manyoya hayo. Hoja ya mtetemo ni ya kweli kisayansi. Lakini taji lilifika Ulaya kwa jahazi la karne ya kumi na sita, na swali la nani mwenye haki nalo halijibiwi kwa kupima mtetemo.

Msomaji wa Zanzibar au Tanga ana sababu yake ya kuingia jengo hilo. Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna, alizunguka Usambara na Pangani katika miaka ya 1880 na 1890, akatekwa na watu wa Bushiri mwaka 1888 akaachiliwa, na baadaye akawa konseli wa Austria-Hungaria Zanzibar. Vitu alivyovikusanya vilipelekwa Vienna. Mwaka 2023 kamati ya wataalamu iliipa serikali ya Austria mapendekezo ya namna ya kushughulikia vitu vilivyopatikana katika mazingira ya kikoloni. Sisi tuliotoka kwenye pwani hiyo tunapaswa kufuatilia mjadala huo kwa jicho pevu, tukiuliza kila kitu kilipatikana vipi na kwa nani, kama walivyouliza warithi wa Bondi.

Kwa anayekwenda, mji wenyewe una kalenda ya kumsaidia. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, kwa kawaida, ni Usiku Mrefu wa Makumbusho, ulioanzishwa na shirika la utangazaji la taifa mwaka 2000: tiketi moja inakufungulia majumba mengi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi usiku wa manane. Ni usiku wa kuonja, na si wa kutazama. Baadaye Oktoba inaanza Viennale, tamasha la filamu lenye historia tangu mwaka 1960. Tarehe 26 ni Siku ya Taifa, kumbukumbu ya sheria ya kutofungamana ya mwaka 1955. Heldenplatz inajaa askari na watoto wanaopanda juu ya vifaru, na makumbusho mengi huwa na punguzo au shughuli za familia. Tarehe 1 Novemba watu hubeba maua kwenda makaburini, wengi kwa tramu namba 71 inayokwenda makaburi makuu, walikozikwa Beethoven na Schubert. Mtu akifa Vienna, wazee wa huko husema amepanda 71. Novemba yote ni ya Wien Modern, tamasha la muziki mpya lililoanzishwa na kondakta Claudio Abbado mwaka 1988.

Ushauri wangu wa vitendo ni mmoja. Nunua tiketi yenye saa kabla hujasafiri, kwa maana katika maonyesho makubwa watu huingizwa kwa zamu. Chagua zamu ya mwisho ya jioni. Halafu usijaribu kuona kila kitu. Chagua kazi ambazo kesho zinarudi kwao, kisha zile za kudumu uzirudie siku nyingine.

Mimi hurudi kwa ng'ombe. Januari wageni wakishaondoka na makasha kufungwa, picha ya mapukutiko ya Bruegel inabaki pale, ghorofani, na siku ya kawaida unaweza kukaa mbele yake peke yako kwa robo saa. Ng'ombe wamempa mtazamaji mgongo, wanateremka kuelekea kijijini, migongo yao ya kahawia na mingine ya rangi ya maziwa. Nyuma yao watu wanawasukuma kwa fimbo ndefu, mmoja juu ya farasi amejikunyata ndani ya joho. Miti imebakiwa na matawi. Upande wa kulia mawingu meusi yamekusanyika juu ya bonde, na mto unapita chini yake. Ukuta uleule, hatua chache tu mbele, wawindaji na mbwa wao tayari wako kwenye theluji.